Mshika Pini wa Madirisha Manane

Kwako Mama mzazi,

Shikamoo Mama, na shikamoo ya pili ni ya zile wiki zote ambazo sikuandika. Mimi huku ni mzima wa kutembea. Nakula nikikumbuka, nalala nikichoka. Nataka kujua habari za jicho. Ulisema kwenye barua yako kwamba daktari ataitoa bandeji baada ya wiki mbili; je, imetolewa, na unaona nini? Kama unaona ukungu tu usifadhaike, ukungu ni mwanzo wa kuona. Na lile goti la mvua, bado linatabiri? Nilimsimulia seremala wa hapa kazini kwamba mama yangu ana goti linalojua mvua kuliko redio. Akacheka sana, na jioni ile ile akanyeshewa mpaka soksi.

Najua barua hii huisomi mwenyewe. Anayekusomea ni mkweo, mke wangu, aliyekuja kwako kukuuguza kwa wiki mbili na sasa ni mwezi wa tatu. Basi naye nampa salamu zake hapa hapa, azipokee huku anasoma. Namwomba asome yote, asiruke mstari, hata pale atakapoona naongopa. Wewe mwenyewe unajua mwanao akianza kusimulia, kitu hukua njiani. Lakini ya leo nimeyaandika mara nne, na kila mara nilikuwa napunguza.

Sasa sikia makubwa. Mwanao huyu, aliyeishia darasa la sita, na la saba akalisikiliza dirishani kwa sababu mwalimu alishamtoa nje, leo ni Mkuu wa Mapambo na Mpangilio katika duka kubwa jipya. Si duka la kuulizia bei mlangoni. Lina ghorofa tatu na ngazi zinazopanda zenyewe, na lina madirisha manane yanayotazama barabara, kila kioo kimeanzia sakafuni kikaishia juu ambako lazima upande ngazi ili ukifute. Nikiwa ndani yake natengeneza, watoto wa shule hunitazama kama samaki. Nina watu sita chini yangu. Nina beji yenye cheo changu chote, kirefu mpaka kimekunjwa mistari miwili. Nina kiti kinachozunguka. Siku ya kwanza nilikizungusha, nilipoinuka nikaelekea ukutani nikidhani ni mlango.

Usije ukadhani kazi yenyewe ni kufuta vumbi. Mimi ndiye naamua kitu gani kikae wapi, sanamu lipi livae nini, taa imulike bega au imulike kiatu, ili mpita njia asimame, na aliyesimama aingie. Ukisikia mtu aliingia kununua soksi akatoka na suti, ujue mkono wa mtu kama mimi ulipita hapo. Vijana wangu wananiita Mjomba. Nikisema hanga zote zitazame upande mmoja, zinatazama.

Kule duka la zamani unakukumbuka. La yule tajiri tuliyemwita Bwana Bado, maana chochote ulichomwomba, iwe balbu au likizo, alijibu bado. Dirisha lilikuwa moja tu, tena na ufa uliozibwa kwa gundi ya karatasi. Lakini dirisha lile, Mama. Miaka kumi na tisa. Nilishakusimulia habari ya basi, jinsi dereva alivyoliona dirisha letu akasimamisha gari katikati ya barabara, abiria wote wakashuka kutazama, na wawili kati yao wakachumbiana pale pale. Nilishakusimulia na habari ya mzee aliyeliamkia sanamu lenye gauni la kijani, akangoja aitikiwe, akaondoka analalamika kwamba wanawake wa siku hizi hawana adabu. Ile ya mzee ni kweli tupu. Ya basi, basi lilikuwepo.

Picha za dirisha lile ndizo zilizonipa kazi. Thelathini na moja, zimepangwa kwenye albamu ya harusi yetu, ile iliyobaki kurasa nyingi kwa sababu mpiga picha wetu filamu yake iliungua. Wakubwa wa duka jipya waliziangalia moja baada ya nyingine hawasemi kitu. Mimi nilisema kwa niaba yao.

Basi nikaanza kazi. Wiki ya kwanza nikatengeneza dirisha la kwanza, kitu cha kupigia saluti. Kola zimenyooka, mikunjo ya suruali ungeweza kukatia karatasi, vifungo vyote vimefungwa, viatu vimepangwa kwa kufuata kamba iliyonyooshwa. Nikavuka barabara nikasimama upande wa pili kuhesabu watakaosimama, maana hiyo ndiyo mizani ya kazi yetu. Kwa saa nzima walisimama watu saba. Wawili walikuwa wanajitazama meno kwenye kioo. Mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Mmoja alikuwa anangoja mkewe atoke duka la jirani. Waliobaki watatu sijui, naomba niwahesabu.

Nikasema labda ni upande wa jua. Nikatengeneza la pili na la tatu, nikatengeneza mpaka la saba. Kila moja limenyooka kuliko lililotangulia. Meneja wetu, mwanamke mfupi ambaye vijana wanamwita Madamu Rula kwa sababu hutembea na rula mfukoni kupima nafasi kati ya hanga na hanga, alisimama mbele ya dirisha la tano siku moja akalitazama muda mrefu. Nikajua sifa zinakuja. Akaniuliza kwa upole kama ninaumwa.

Katika siku hizo ndipo barua yako ilipofika. Nilifurahi, Mama, usidhani sikufurahi. Uliuliza kwa nini sijaja kumchukua mke wangu, ukauliza kama nimeoa moja ya yale masanamu yangu, maana halisemi wala halili. Nikacheka peke yangu chumbani. Barua iliandikwa kwa mwandiko ninaoujua, ule unaolala kidogo kushoto kama mtu anayesikiliza. Mama anakusalimu. Mama anasema hivi. Mama anauliza vile. Nikafika mwisho, nikageuza karatasi. Nikaitazama bahasha ndani, nikaipasua pande zote nikaifungua kama ramani. Hakukuwa na neno moja lake mwenyewe. Hata nukta aliyoiweka baada ya jina lako ilikuwa ni nukta yako.

Kesho yake nikaichukua albamu kwenda nayo kazini, nikasema nitaiga dirisha mojawapo la zamani, liwe liwalo. Nikaifungua juu ya meza ya kupigia pasi. Mama wa usafi alikuwa anapitisha ufagio, akaegemea, akatazama picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasema aliyepanga haya ana ujanja, kila dirisha ameacha kitu kimoja hakijaisha. Nikamwambia hakuna kisichoisha hapo, mimi huwa namaliza kazi. Akaweka kidole. Hapa kifungo cha tatu cha koti kiko wazi. Hapa glavu moja imeanguka chini. Hapa mkanda umepita matundu mawili haujafika la mwisho. Hapa mtoto wa sanamu amevaa kiatu kimoja, cha pili kiko mkononi mwa mama yake. Akasema yeye mwenyewe mkono unamwasha, anatamani aingie ndani ya picha akifunge kile kifungo. Kisha akaendelea kufagia.

Mama, nilikaa kwenye kile kiti changu na sikukizungusha.

Kwa maana kile kifungo nakijua. Miaka kumi na tisa nilikuwa nakifunga. Kila alfajiri ya kubadilisha dirisha, likishakamilika, mimi nilipita mwisho kama mkaguzi, nikaona kifungo kiko wazi, nikakifunga, nikaguna kwamba bila mimi duka hili lingeaibika. Halafu nikaenda kunywa chai. Nikirudi, duka limeshafunguliwa na watu wameshajaa kwenye kioo, sikutazama tena. Sikujua kwamba nikigeuka tu kuna mkono ulikuwa unakifungua upya. Hakugombana nami hata siku moja. Alingoja niende chai.

Umeshaelewa, Mama. Na kama anayekusomea amesita hapa, mngoje.

Sikuwahi kupamba dirisha. Hata moja. Niliajiriwa na Bwana Bado kubeba marobota ya vitambaa, na mwaka ule wa kwanza mpambaji wake alipoacha kazi, nilijisifu kwamba kazi ile naiweza kwa mkono mmoja. Usiku ule sikulala, na mke wangu akaniambia tutakwenda wote mapema kabla hajafika mtu. Akaja na mkasi wake na kimto chake cha pini. Mimi nilishika ngazi, nilishika pini, nilibeba masanamu. Yeye ndiye aliyejua kwamba nguo ya sanamu huanzwa mgongoni, unaibana nyuma kwa pini mpaka mbele ikae kama imezaliwa nayo, na mtaani wanaona mbele tu. Jua likitoka anarudi nyumbani kwa mlango wa nyuma, mimi nabaki mbele kupokea pongezi. Tulisema ni kwa mwezi mmoja. Niliwahi kumwuliza siku za mwanzo kwa nini haweki vitu sawa, akaniambia mtu husimama akiona kuna kitu kinamngoja. Nikamcheka.

Lakini hilo silo ninaloliandikia. Hilo angeweza kulisamehe, na nadhani alilisamehe kila asubuhi kwa miaka yote hiyo. Ninaloliandikia ni siku ya usaili.

Duka jipya waliniita na picha zangu, wakasema watanipa sanamu moja, rundo la nguo na saa nzima, waone mkono wangu. Nikaomba nije na msaidizi, wakakubali. Chumba kilikuwa cheupe, na wao watatu wamekaa nyuma ya meza ndefu, Madamu Rula katikati. Mke wangu alifanya kazi, mimi niliongea. Nilieleza historia ya koti, nikaeleza habari ya basi. Nikitazama sanamu naona linaanza kupumua. Mke wangu aliliinamisha bega moja kidogo, akatupia koti juu kana kwamba mtu amesikia mlango unagongwa hajamaliza kuvaa. Wale watatu wakainuka kwenye viti. Wakaniambia kazi ni yangu.

Halafu Madamu Rula akauliza, na huyu mama ni nani?

Mke wangu alikuwa amepiga magoti nyuma ya sanamu, ana pini mdomoni kama saba au nane, hawezi kusema. Akanitazama. Mama, alikuwa anatabasamu kwa macho. Alidhani ndiyo siku yenyewe. Nami nikasema huyu ni wa kunishikia pini tu.

Madamu Rula hakuishia hapo. Akasema anaonekana ana mkono mwepesi, kwenye timu kuna nafasi, je, angependa naye aajiriwe? Nikajibu kabla pini hazijatoka mdomoni. Nikasema hapana, huyu kazi za nyumbani zinamtosha. Niliogopa, Mama. Akiingia pale siku mbili tu wataona nani ni nani.

Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kimto, akafunga mkasi kwenye kitambaa. Hakuwahi kutembea nyuma yangu tangu tumeoana, sisi ni watu wa kutembea sambamba tunabishana. Siku ile njia nzima alitembea hatua tatu nyuma, amebeba mfuko wa vifaa. Nilisikia mkasi unagongana na vitu ndani ya mfuko. Sikugeuka kumpokea. Tulipofika mlangoni akaniambia, hongera, bwana mkuu. Siku ya tatu akasema anakuja kwako kuangalia jicho.

Ndiyo sababu ya wiki mbili kuwa miezi mitatu. Hakukuambia, najua hakukuambia, ungeshanitumia goti na fimbo.

Jumatatu iliyopita nilisimama kwenye kikao cha asubuhi mbele ya wote nikasema ukweli. Nikasema sijui kupamba, aliyepamba ni mke wangu. Wakacheka, Mama. Seremala akapiga meza. Mmoja akasema Mjomba leo ametushinda, hii ni kali kuliko ya basi. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyoshika mbavu. Maisha yangu yote nimesema uongo watu wakaamini, siku niliyosema kweli nikaonekana mchekeshaji.

Madamu Rula peke yake hakucheka. Akanipa dirisha la nane, akawatoa vijana wote, akasema nilivalishe sanamu moja mbele ya macho yake. Nilijichoma vidole vitatu. Nilipomaliza, sanamu lilisimama kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Nikaacha kifungo cha tatu wazi, nikidhani kitaliokoa. Akalizunguka mara moja, akatoa rula mfukoni, akairudisha. Akauliza yule mama wa pini yuko wapi sasa. Nikamwambia yuko kwa mama yangu, ananiandikia barua zisizo na neno.

Sasa mwenzangu, hapa sisemi tena na Mama. Mama, tuwie radhi kidogo.

Nafasi ni yako. Madamu Rula ameniambia kwa mdomo wake kwamba ataiacha wazi mpaka mwisho wa mwezi, kisha atatafuta mwingine, na anataka kukuona wewe, si mimi. Ile beji niliyojisifia huko juu nimeirudisha, kile cheo kirefu kitaandikwa upya na jina lako mbele yake, ukikubali. Masanamu ya madirisha yote manane nimeyavua, yanakungoja. Najua ukifikiria kazi hii utafikiria na nyumba, na ukifikiria nyumba utanifikiria mimi, nami sitaki niwe sababu ya wewe kusema hapana mara ya pili, kwa kuwa ile ya kwanza niliisema mimi. Basi nimehama. Nalala kwenye karakana ya seremala, kuna kitanda alichokuwa anatengeneza kikakosa mnunuzi. Ufunguo uko kwa jirani wa mkono wa kulia, nimempa mbele ya mumewe asije akasema sikumpa. Hutanikuta. Ukipita barabarani ukaona mtu anabeba marobota, ndiyo kazi niliyoiomba, na sitakuamkia mpaka uniamkie.

Ulipoondoka kulikuwa na joto, ukaacha koti lako la bluu. Nimelipiga brashi nikalitundika kwenye hanga nyuma ya mlango wa nyumbani. Kifungo cha tatu sikukifunga. Kabla sijahama nililitazama hivyo siku nne na mkono unaniwasha, sikukigusa.

Mama, nimerudi kwako. Usimlazimishe. Wala usimwambie kwamba mwanao anakonda, maana nimekonda kweli na ataona ni hadithi nyingine. Akitaka kubaki kwako, mpe ile nafasi ya dirishani yenye mwanga akae na mkasi wake. Nisalimie jirani wa kisimani, na yule kuku wako mkali kama bado anaongoza mtaa. Jicho ulitunze, usilisugue, na siku litakapoona vizuri ichukue barua hii uisome mwenyewe kwa macho yako, ujue kwamba alichokusomea ndicho nilichoandika, hakuongeza wala hakupunguza. Yeye si kama mimi.

Ndimi mwanao,
wa kushika pini